Maisha ya Mary McLeod Bethune na Nyumba Aliyowaachia Akina Mama

Katika mji wa Washington, makao makuu ya serikali ya Marekani, ipo nyumba moja ya matofali yenye ghorofa tatu, namba 1318 katika barabara ya Vermont, karibu na mahali paitwapo Logan Circle. Mpita njia asiyejua habari zake ataiona kuwa sawa tu na nyumba nyingine za mtaa ule, zilizojengwa na watu wenye mali katika karne ya 19. Lakini nyumba hii ilinunuliwa na wanawake Weusi mwaka 1943. Ikawa ofisi yao, ukumbi wao wa mikutano, na mahali pa kulaza wageni wao. Baadaye iliungua, ikakaa miaka mingi bila kazi, na chama cha wanawake hao kikakataa kuiacha ipotee.

Aliyewaongoza kuinunua alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake ni Mary McLeod Bethune. Kwa kuwa wengi wetu tumelisikia jina hilo bila kuzijua kazi zake, tumeona vema kuyasimulia maisha yake katika kurasa hizi. Hakuwa Mwanglikana, alisoma katika shule ya misheni ya Kanisa la Kipresbiteri, na baadaye akawa Mmethodisti. Hata hivyo tunaamini kwamba akina mama wa parokia yetu, na akina baba pia, watapata fundisho katika habari zake.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Mary alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na mji mdogo wa Mayesville, katika jimbo la South Carolina. Baba yake, Samuel McLeod, na mama yake, Patsy, walikuwa wamezaliwa utumwani, na baadhi ya ndugu zake wakubwa vilevile. Yeye alikuwa mtoto wa 15 kati ya watoto 17. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka 10 kabla ya kuzaliwa kwake, lakini umaskini na dharau vilikuwa bado. Mama yake aliendelea kumfanyia kazi yule aliyekuwa bwana wake, akaweka akiba, na kwa fedha hizo jamaa ile ikanunua ekari 5 za ardhi. Hapo walijenga nyumba yao na kulima pamba yao. Tulikumbuke jambo hili, maana litatusaidia kuelewa mambo yatakayofuata: Mary alikulia katika shamba ambalo mama yake alilipata kwa jasho lake, na tangu utoto aliona tofauti ya mtu mwenye kipande chake cha ardhi na mtu anayekaa kwa hisani ya mwingine.

Yapo masimulizi yanayojulikana sana juu ya utoto wake. Siku moja alifuatana na mama yake kupeleka nguo zilizofuliwa kwenye nyumba ya Wazungu. Huko akakiona kitabu, akakishika. Mtoto wa nyumba ile akamwamuru akiweke chini, kwa sababu, kwa maneno yake, watu Weusi hawajui kusoma. Mary alirudi kwao akiwa na uchungu, na tangu siku ile akawa na hamu moja tu, yaani kujua kusoma.

Mungu akamfungulia mlango. Wapresbiteri walifungua shule ya misheni hapo Mayesville, na mwalimu wake, Emma Wilson, alikuwa mwanamke Mweusi. Katika jamaa kubwa vile hakukuwa na uwezo wa kuwapeleka watoto wote, naye Mary akachaguliwa. Kila siku alikwenda na kurudi kwa miguu, mwendo wa maili kadhaa. Jioni aliwafundisha wengine nyumbani yale aliyojifunza. Alipojua hesabu, akawasaidia wazazi wake na majirani kuhakiki uzito wa pamba yao sokoni ili wasipunjwe. Hivyo elimu yake haikuwa pambo. Ilikuwa chombo cha nyumba nzima.

Kisha akatokea mtu wa mbali. Mshona nguo mmoja wa Denver, jina lake Mary Crissman, alikuwa ameweka akiba katika mapato yake ili kumsomesha msichana mmoja Mweusi, na Bibi Wilson akampendekeza Mary. Mwaka 1888 Mary akaingia shule ya wasichana ya Scotia, katika jimbo la North Carolina, akakaa huko hadi mwaka 1894. Bibi Crissman hakuwa tajiri, wala hakusaidia mamia ya watoto. Alimsaidia mmoja. Ninyi mnaolipia karo ya mtoto wa ndugu au wa jirani, msidhani kwamba kazi hiyo ni ndogo.

KUTAKA KUJA AFRIKA

Tangu alipokuwa shuleni Mary alitamani sana kuja Afrika kuhubiri Injili. Kwa sababu hiyo alikwenda Chicago, katika chuo cha Dwight Moody, akajifunza kazi ya umisionari kwa mwaka mmoja. Alipomaliza akaiomba bodi ya misheni ya Kanisa lake imtume. Jibu lilikuwa kwamba hapakuwa na nafasi Afrika kwa mmisionari Mweusi.

Hebu tulitafakari jibu hilo. Binti wa watumwa, mwenye asili ya bara letu, aliyefundishwa na kufuzu, anaambiwa na watu wa Kanisa kwamba katika Afrika hakuna mahali pake. Hata uzeeni alilihesabu jambo hilo kuwa huzuni kubwa kupita zote za maisha yake. Nasi hatuna haja ya kulifunika. Kanisa la Mungu limefanya mema mengi, na pia limewahi kuwafungia mlango watoto wake.

Mary hakuliacha Kanisa, wala hakukaa kulia. Akaenda kufundisha katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, katika shule iliyoanzishwa na mwanamke mwingine Mweusi, Lucy Laney. Hapo akaona kwamba watoto Weusi wa Marekani walimhitaji vilevile. Mwaka 1898 aliolewa na mwalimu mwenzake, Albertus Bethune, na mwaka 1899 wakapata mtoto wao wa pekee, Albert. Baadaye wakahamia jimbo la Florida. Ndoa yao haikuwa rahisi. Mwaka 1907 mumewe alirudi South Carolina, na Mary akabaki na mtoto na kazi aliyokuwa ameianza.

SHULE YA DOLA MOJA NA NUSU

Tarehe 3 Oktoba 1904, katika mji wa Daytona, Bibi Bethune alifungua shule ya wasichana. Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa dola 1 na senti 50. Wanafunzi walikuwa wasichana 5, pamoja na mwanawe mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya kupanga, kwa dola 11 kwa mwezi. Madawati yalikuwa masanduku, makaa yalitumika badala ya penseli, na wino ulikamuliwa kutoka matunda ya porini. Sisi tuliopata kufundisha katika shule za vijijini twaweza kuiona shule hiyo kwa macho ya moyo bila shida.

Ili kupata kodi ya nyumba, mwalimu na wanafunzi walioka mikate ya viazi vitamu na kutengeneza aiskrimu, wakawauzia wafanyakazi waliokuwa wakijenga reli. Alipoona kwamba nyumba ya kupanga haimtoshi, akatafuta kiwanja. Alichokipata kilikuwa jalala la mji. Akatanguliza dola 5, zilizotokana na mauzo hayo, na deni lililobaki akalilipa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1907 shule ikahamia katika jengo lake la kwanza, nalo aliliita Jumba la Imani.

Bibi Bethune hakuona haya kuomba. Daytona ilikuwa na matajiri waliokuja kukaa wakati wa baridi, naye aliwafuata kwenye nyumba zao. James Gamble, tajiri wa kiwanda cha sabuni, alikubali kuwa mdhamini wa shule. Inasimuliwa kwamba alipofika mara ya kwanza aliuliza shule yenyewe iko wapi, akajibiwa kwamba bado imo katika mawazo na roho ya mwalimu. Thomas White, mwenye kiwanda cha cherehani, alisaidia majengo. Lakini mwalimu huyu hakuwategemea matajiri peke yao, maana waimbaji wake walizunguka katika makanisa na mahoteli, na watu Weusi wa mtaani walitoa senti zao.

Mwanafunzi wake mmoja alipougua na kuhitaji kupasuliwa, katika hospitali ya Wazungu alilazwa barazani, nyuma ya jengo, si wodini. Basi mwaka 1911 Bibi Bethune akafungua hospitali ndogo karibu na shule yake, ili watu Weusi watibiwe kama watu. Mwaka 1920 wanawake wa Marekani walipopata haki ya kupiga kura, aliwafundisha watu Weusi kusoma ili waweze kuandikishwa. Kwa ajili hiyo watu wa Ku Klux Klan, wenye kuvaa majoho meupe na kuficha nyuso, walikuja usiku hadi shuleni kumtisha. Inasimuliwa kwamba aliagiza taa zote ziwashwe, na wasichana wakaimba nyimbo za dini mpaka watu wale wakaondoka. Asubuhi watu wakaenda kupiga kura.

Mwaka 1923 shule hiyo iliunganishwa na shule ya Cookman. Ikaendelea kukua ikawa chuo, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kiitwacho Bethune-Cookman.

CHAMA KISICHO NA NYUMBA

Sasa tunafika kwenye habari za nyumba. Mwaka 1924 Bibi Bethune alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la vyama vya wanawake Weusi wa Marekani. Vyama hivyo vilikuwa vingi: vya kushona, vya kuwatunza wazee, vya kulea yatima, vya makanisa. Vilifanya kazi nzuri, lakini kila kimoja kwake. Yeye alisisitiza kwamba shirikisho lazima liwe na makao makuu yake Washington, mahali ambapo sheria hutungwa, na mwaka 1928 likapata nyumba huko.

Halafu, tarehe 5 Desemba 1935, katika mji wa New York, aliwakusanya viongozi wa vyama mbalimbali, wakaanzisha Baraza la Taifa la Wanawake Weusi. Wakati huohuo Rais Franklin Roosevelt alimwita serikalini, na tangu mwaka 1936 aliongoza kitengo cha watu Weusi katika idara ya vijana. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba vijana Weusi nao wanapata fedha za masomo na mafunzo ya kazi. Alikuwa rafiki wa mke wa Rais, Bibi Eleanor Roosevelt, na aliingia Ikulu mara nyingi.

Pamoja na heshima hiyo, Baraza lenyewe halikuwa na pahali. Mwanzoni shughuli zake ziliendeshwa katika makazi ya Bibi Bethune. Tena Washington ya siku zile ilikuwa mji wa ubaguzi. Mwanamke Mweusi aliyesafiri kutoka mbali kuja kuonana na viongozi hakupokelewa katika hoteli nyingi za mji, wala hakuruhusiwa kula katika mikahawa mingi. Angeweza kuitwa Ikulu mchana, na usiku asiwe na mahali pa kulala ila kwa jamaa au marafiki.

Kwa hiyo mwaka 1943 Baraza likanunua ile nyumba ya barabara ya Vermont kwa dola 15,500. Tajiri mmoja wa Chicago, Marshall Field, alitoa dola 10,000, na zilizobaki zilitafutwa na wanachama wenyewe. Vyama na marafiki wakagawana kazi ya kuvipamba vyumba: huyu ataleta meza, yule mapazia, wengine kinanda au vyombo. Nyumba iliwekwa wakfu mwezi Oktoba 1944, na Bibi Eleanor Roosevelt alikuwa miongoni mwa waliohutubu. Watu wakaizoea kwa jina la Nyumba ya Baraza.

Chini palikuwa na vyumba vya mikutano na mapokezi, na juu palikuwa na ofisi, makazi ya Bibi Bethune, na vyumba vya wageni. Humo wanawake walipanga namna ya kudai kazi katika viwanda na katika jeshi la wanawake wakati wa vita. Humo walijadili jinsi ya kupinga mauaji ya watu Weusi na vikwazo vya kupiga kura. Wageni kutoka nchi nyingine walikaribishwa humo. Mwaka 1945 Bibi Bethune alikuwako San Francisco wakati Umoja wa Mataifa ulipoundwa, akitetea haki za watu wanaotawaliwa, na watu wa Afrika tulikuwa wengi miongoni mwao.

Tena aliona jambo ambalo wengi hawaoni. Alijua kwamba kazi za wanawake husahauliwa upesi kwa sababu haziandikwi, na zikiandikwa karatasi hutupwa. Kwa hiyo Baraza liliunda kamati ya kukusanya barua, taarifa za mikutano, picha na vitabu vinavyohusu wanawake Weusi, na nyumba ile ikawa na kazi nyingine, kuwa ghala la kumbukumbu. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Bibi Bethune alitambua kwamba hata matendo mema, bila daftari, huisha bila habari.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Mwaka 1949 aliacha uongozi wa Baraza, akarudi Daytona. Mwezi Januari 1952, akiwa na umri wa miaka 76, Rais Truman alimtuma Liberia kumwakilisha katika sherehe za kuapishwa tena kwa Rais Tubman. Basi yule aliyenyimwa nafasi ya kuja Afrika akiwa kijana, aliikanyaga ardhi ya Afrika akiwa mzee, akiwa mjumbe wa taifa lake. Njia ilikuwa ndefu, zaidi ya miaka 50.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Mei 1955, akazikwa katika uwanja wa chuo chake. Kabla ya kufa aliandika wosia kwa watu wake. Wosia huo haukuhusu fedha wala mashamba. Alirithisha upendo, matumaini, kiu ya elimu, imani, na wajibu kwa vijana.

MOTO, NA MIAKA YA UKIWA

Baada yake akina mama waliendelea kuitumia Nyumba ya Baraza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 uongozi ulishikwa na Dorothy Height, ambaye Bibi Bethune alimlea katika kazi hiyo tangu mwaka 1937, naye aliongoza mpaka mwaka 1998. Mwezi Januari 1966 nyumba ilishika moto. Haikuteketea yote, lakini iliharibika kiasi ambacho Baraza lililazimika kuhamishia ofisi mahali pengine.

Miaka miwili baadaye, Aprili 1968, Dr. Martin Luther King aliuawa. Washington ikapatwa na ghasia, na maduka mengi ya barabara ya 14, isiyo mbali na nyumba hiyo, yakachomwa. Watu wenye uwezo wakahama. Nyumba nyingi za mtaa zikabaki mahame. Katika hali hiyo, mwenye hesabu za dunia angeshauri kwamba nyumba iliyoungua, katika mtaa unaokimbiwa, iuzwe kwa bei yoyote. Baraza lilikuwa na ofisi nyingine, tena lilikuwa na kazi nyingi za kugharimia huko kusini, ambako watu walikuwa wakidai haki zao kwa hatari ya maisha.

Baraza halikuuza. Kwanza lilichangisha fedha za sanamu ya Bibi Bethune, ikasimamishwa Washington, katika bustani ya Lincoln, tarehe 10 Julai 1974. Sanamu ya Rais Lincoln na mtumwa aliyefunguliwa, iliyokuwamo tangu zamani, iligeuzwa ili ielekee upande wake. Kisha akina mama wakairudia nyumba. Wakakusanya michango, wakatafuta misaada, wakatengeneza kilichoharibika. Mwezi Novemba 1979 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na kibanda cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa cha kuwekea magari ya farasi, kikawa nyumba ya kuhifadhi nyaraka za historia ya wanawake Weusi. Wataalamu na wanafunzi wakaanza kuja kusoma barua na taarifa zile ambazo mtu mwingine angezitia jikoni kuwashia moto.

Mwaka 1982 bunge la Marekani liliitambua nyumba hiyo kuwa mahali pa historia ya taifa. Mwaka 1991 ilipitishwa sheria ya kuruhusu serikali kuichukua, na mwaka 1994 ikakabidhiwa kwa idara ya hifadhi za taifa, ndiyo inayoitunza. Mtaa nao umegeuka. Mahali palipokimbiwa pamekuwa pa thamani kubwa, na mtu wa kipato cha kawaida hapati tena nyumba pale.

Lakini hatupendi kuwaonyesha upande mmoja tu. Kuikabidhi nyumba kwa serikali kuliiokoa na gharama za paa, mabomba na ulinzi, ambazo chama cha hiari hakiwezi kuzibeba siku zote. Papo hapo, kilichokabidhiwa hakiamuliwi tena na waliokitoa. Mwaka 2014 nyaraka zile zilihamishwa kutoka kile kibanda cha nyuma zikapelekwa Landover, katika jimbo la Maryland, kwenye ghala la idara ile, kwa sababu kibanda hakikufaa kuhifadhi karatasi za kale. Sababu hiyo ina nguvu, kwani karatasi huharibiwa na joto na unyevu. Hata hivyo wapo waliohuzunika, wakisema kwamba Bibi Bethune alikusudia nyumba na kumbukumbu vikae pamoja. Nasi tukipima pande zote mbili, twaona kwamba huzuni yao si ya bure. Kutunza ukuta na kuondoa kilichomo ni kutunza nusu. Ila pia tuseme kweli: kama akina mama wale wangeuza mwaka 1966, leo pasingekuwa na nyumba wala karatasi za kuzibishania.

Mwaka 2022 sanamu nyingine ya Bibi Bethune iliwekwa katika jengo la bunge la Marekani, kwa niaba ya jimbo la Florida. Ni mtu Mweusi wa kwanza kuwakilisha jimbo katika mkusanyo huo wa sanamu.

TUNAJIFUNZA NINI

Wapendwa, mwaka mmoja baada ya Mary kuzaliwa, yaani mwaka 1876, Mary Sumner alianzisha Umoja wa Akina Mama kule Uingereza, katika parokia ya Old Alresford. Ninyi mnaouendeleza Umoja huo katika parokia zetu mna kazi zenu, na katika parokia nyingi mna chumba au ukumbi wenu. Mara nyingine ni chumba kidogo cha bati nyuma ya kanisa, kilichojengwa kwa michango ya wali na maandazi. Wajukuu hawajui ni nani aliyebeba mawe yake. Siku mji ukipanuka na bei ya kiwanja ikipanda, atatokea mtu mwenye akili ya kuona kwamba chumba hicho ni cha zamani, kivunjwe, pawekwe maduka. Huenda mtu huyo ana sababu nzuri. Lakini akina mama wawe na la kusema, na la kuonyesha.

Basi tunashauri mambo machache, ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, mjue hati ya kiwanja iko wapi na imeandikwa kwa jina la nani. Pili, vitabu vya taarifa za mikutano na vya michango visikae nyumbani kwa katibu mmoja, maana akihama au akifariki huondoka navyo. Viwekwe mahali pakavu penye kufuli, na nakala iwe mahali pengine, kwa sababu moto haubishi hodi. Tatu, nyuma ya kila picha ya zamani yaandikwe majina kwa penseli, wakati wale wazee wanaoyajua wangali hai. Nne, paa likivuja litengenezwe mwaka huohuo. Jengo haliangushwi na uzee peke yake, bali na mvua inayopita katika tundu dogo ambalo kila mtu aliliona.

Msomaji akifungua kitabu cha Nehemia, sura ya 3, ataona orodha ndefu ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, kila mtu na sehemu yake. Katika mstari wa 12 wametajwa binti za Shalumu, waliofanya kazi pamoja na baba yao. Majina yao hayakuandikwa, ila kazi yao imeandikwa, nasi tunaijua hata leo kwa sababu mtu mmoja aliona inafaa kuitia katika orodha.

Mary McLeod Bethune alianza na dola 1 na nusu na masanduku matupu. Aliacha chuo, chama, na nyumba. Mungu atujalie nasi kuvitunza tulivyoachiwa na mama zetu, na kuwafundisha watoto wetu habari zake.